Theluji ya mwisho wa msimu: mlimani au bondeni?

Aprili ikifika katika nchi za kaskazini, theluji ya mlimani si ajabu. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mvua baridi ya bondeni huwa theluji huko juu, nayo hukaa, hasa upande usiopigwa na jua.

Bondeni ndiko kwenye utamu wenyewe. Huko lazima mambo yakutane: hewa baridi kutoka Aktiki, upepo mdogo na mvua kubwa. Chembe za theluji zinapoyeyuka njiani hunyonya joto la hewa. Zikianguka kwa wingi, hewa hupoa hadi karibu na nyuzi 0, na mpaka wa theluji, yaani kimo ambapo theluji hugeuka mvua, unaweza kushuka mamia ya mita kwa saa chache tu. Hapo badala ya matone huanguka mabonge mazito ya theluji yenye majimaji, yanayong'ang'ania majani machanga mpaka matawi yanavunjika. Lami iliyokwisha kupata joto hubaki nyeusi, huku nyasi kando yake zikiwa nyeupe.

Anayetaka uhakika apande mlima. Mimi ningekesha bondeni, na ningetoka alfajiri, maana jua la Aprili halichelewi kuiyeyusha.