TinEye au Google Lens? Nilizitumia zote mbili Goma ilipotekwa

Kama una ndugu mahali penye vita na simu yako haipumziki kupokea picha, nakushauri uanze na TinEye, Google Lens ifuate. Ni huduma za mtandaoni: unazipa picha, zinakutafutia ilipowahi kuonekana au zinazofanana nayo. Nimezitumia zote mbili tangu Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, kisha Februari Bukavu ilipotekwa, na mpaka sasa naendelea nazo. Zote ni za bure.

Mimi nauza vitenge Kariakoo. Wateja wangu wa jumla wengi ni wa Goma na Bukavu, na mdogo wangu ameolewa Goma, anaishi Himbi. Niko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, la wafanyabiashara na la kina mama wa kanisani kwake. Mapigano yalipofika Sake, kilomita ishirini na kitu kutoka mjini, makundi yote matatu yalijaa picha za maiti, za moto, za watu wanakimbia. Mama yetu presha ikampanda. Mdogo wangu mtandao ulipomrudia kidogo alinitumia picha moja ya umati barabarani, na swali moja: "Dada, hii ni ya leo?"

Hakuuliza kama ni Goma, maana Goma anaijua. Aliuliza ni ya lini, na hapo ndipo huduma hizi mbili zinapoachana.

Google Lens hutafuta vinavyofanana. Ukiipa picha ya watu wenye magodoro kichwani na mlima nyuma yao, itakuletea Goma, volkeno ya Nyiragongo, wakimbizi, kurasa tele na nyingi ni za kweli. Lakini Goma imekimbiwa mara nyingi. M23 hao hao waliiteka tarehe 20 Novemba 2012, wakaondoka mwanzoni mwa Desemba. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na siku chache baadaye wakazi wa sehemu kubwa ya mji wakaamriwa kuhama. Maelfu kwa maelfu walishika njia ya Sake. Januari 2025 watu walikuwa wanaikimbia Sake kuja Goma. Barabara ni ileile, magodoro ni yaleyale, watoto wako mgongoni vilevile, ila mwendo umegeuka. Mtu anayeiona picha ya 2021 akadhani ni ya leo anaweza kuamini kwamba usalama uko Sake, akaelekea kulekule kwenye bunduki. Ndiyo maana uongo wa aina hii unanitisha kuliko ule wa kutengeneza. Picha ni ya kweli, mji ni wa kweli, machozi ni ya kweli, mwaka tu ndio umebadilishwa.

TinEye ni ya kampuni ya Toronto, Kanada, na ipo tangu 2008. Yenyewe haishughuliki na kufanana. Inatafuta nakala za picha ileile, hata kama imekatwa pembeni au imepunguzwa ukubwa, halafu inakuruhusu kupanga majibu kuanzia ya zamani kabisa. Picha ya mdogo wangu ilirudi na tarehe za Mei 2021. Nikamwandikia mstari mmoja: "Ni ya mlipuko wa volkeno, si ya leo, msielekee Sake." Shemeji akaisambaza kwa majirani zake.

Kuna jambo la kuelewa kuhusu tarehe hizo. TinEye inakuonyesha siku mitambo yake ilipoikuta picha mtandaoni kwa mara ya kwanza. Picha inaweza kuwa ya zamani zaidi ya hapo, haiwezi kuwa mpya zaidi. Kwa kazi yetu hiyo inatosha. Picha iliyokuwepo mtandaoni 2021 haikupigwa jana, hilo halina mjadala.

Udhaifu wake mkubwa ni pale inaposema haikupata kitu. Wengi kwenye kundi la ukoo walifurahi: "Haijapatikana, basi ni mpya, ni kweli!" Hapana. Maana yake ni kwamba TinEye haijawahi kuiona, na zipo picha nyingi sana ambazo haijawahi kuziona, hasa zile zilizozunguka WhatsApp na Facebook tu. Picha iliyotengenezwa na akili mnemba nayo inaweza kurudi mikono mitupu. Hapo ndipo naingia Google Lens, maana hazina yake ni pana zaidi, na wakati mwingine ina sehemu ya kueleza picha ilianza kuonekana lini. Kwa picha za majengo na mitaa, Lens ni hodari kuliko TinEye.

Lakini hata Lens haiyajui macho ya mwenyeji. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkeno. Kuta za mawe meusi, vumbi la kijivu, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinazobeba mkaa. Tuliletewa picha ya miili kando ya barabara ya udongo mwekundu, ikasemekana ni Birere, mtaa wa Goma. Mashine zote mbili hazikuwa na jibu. Mdogo wangu aliitazama mara moja akasema Birere hakuna udongo huo.

Kwa video, TinEye haikusaidii. Inabidi usimamishe video, upige picha ya skrini, uitume kama picha, na mara nyingi hairudishi chochote. Nilitumiwa "ndege ikitunguliwa Goma" iliyokuwa na mwendo wa ajabu kama wa mchezo. Sitasema ilikuwa mchezo gani, sikuweza kuthibitisha, ila Bohemia Interactive, watengenezaji wa mchezo wa Arma 3, walilazimika Novemba 2022 kueleza hadharani jinsi ya kutambua vipande vya mchezo wao vinavyopitishwa kama vita halisi. Sikuisambaza.

Na sauti je? Hapa huduma zote mbili hazina lolote. Kwetu uongo ulisafiri zaidi kwa ujumbe wa sauti: mwanamume anahema, anasema mpaka wa Gisenyi, wa kuingia Rwanda, umefungwa, mwingine anasema uko wazi, hakuna jina, hakuna saa. Kwa hayo nilirudi kwenye Radio Okapi, ya Umoja wa Mataifa, iliyoanzishwa pamoja na shirika la Uswisi Fondation Hirondelle, inayotangaza tangu 2002, kwa Kiswahili pia. Inachelewa, ndiyo. Habari za kuuawa kwa gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Peter Cirimwami, zilizunguka kwenye simu kabla serikali haijathibitisha, na zilikuwa kweli. Kwa hiyo sikuwa nawaambia watu "ni uongo" kwa sababu tu redio haijasema. Niliwaambia "bado", na ndugu zangu walikasirika sana na neno hilo.

Google Lens naipa nyota tatu. TinEye naipa nne, ya tano nimeizuia kwa sababu ya video na kwa sababu maelezo yake hayako kwa Kiswahili, na mama mkubwa hawezi kuitumia bila mjukuu. Haihitaji kupakua chochote: fungua kivinjari, andika tineye.com, pakia picha, kisha kwenye mpangilio chagua "Oldest". Ukurasa ni mwepesi, bando halikatiki. Kama picha imeandikwa maneno juu, yakate kwanza ibaki sehemu safi, ndipo uipakie. Na ukipata tarehe, piga picha ya skrini uitume kwenye kundi lilelile picha ilikotoka, maana maneno matupu kule hayasikilizwi.