Virt-manager kwenye Linux: mashine ni nyepesi, ruhusa za mafaili ndizo mtihani

Mashine pepe zangu zote za Ubuntu na Fedora naziendesha kwa virt-manager, programu ya dirisha ya kuunda na kusimamia mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), na kwa upande wa kasi sina neno nayo. KVM, teknolojia ya mashine pepe ya Linux, imo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) yenyewe, hivyo hakuna moduli ya kukompaili upya kila kerneli inapobadilika. Kinachowakimbiza watu ni "Permission denied", tena hujitokeza mapema kabisa, pale unapoielekeza kwenye ISO (faili la kusakinishia mfumo) uliyoipakua. Nitakaa zaidi hapo, maana kwingine programu hii haisumbui.

Jambo la kujua kwanza: ukibonyeza kitufe cha kuwasha, anayeendesha mashine si wewe. Virt-manager huongea na libvirt, huduma inayosimamia mashine pepe, kupitia qemu:///system, yaani muunganisho wa mfumo mzima. Libvirt, inayoendeshwa kama root (msimamizi mkuu), huiwasha QEMU, programu inayoendesha mashine yenyewe, kisha huikabidhi kwa mtumiaji mwingine asiye na mamlaka: libvirt-qemu kwenye Debian na Ubuntu, qemu kwenye Fedora. Huyo ndiye anayetakiwa kulifikia faili lako. Sasa, tangu Ubuntu 21.04 folda mpya za nyumbani hutengenezwa kwa ruhusa 750 (wewe na kikundi chako tu), na Fedora hutumia 700 (wewe peke yako). Kwa hiyo libvirt-qemu hana hata ruhusa ya kupita /home/asha (tuseme asha ndiye wewe), sembuse kusoma kilichomo Downloads.

Ndiyo maana ushauri wa "piga chmod 777 kwenye ISO", yaani kumpa kila mtu ruhusa zote, hausaidii kitu. Ni kufungua mlango wa chumbani huku geti la nje lina kufuli. Kuipiga 777 folda nzima ya nyumbani ni kubaya zaidi: mbali na kumwachia kila mtu mafaili yako, SSH (ya kuingia kwa mbali) itakataa kuingia kwa ufunguo, kwa sababu kwa kawaida haikubali authorized_keys (orodha ya funguo) iliyo kwenye folda ambayo wengine wanaweza kuiandika.

Soma ujumbe wa kosa vizuri kabla ya kugusa chochote. Ukiona hivi:

Cannot access storage file '/home/asha/vm/debian.qcow2' (as uid:64055, gid:108): Permission denied

hapo libvirt yenyewe imejaribu kupita kwa jina la mtumiaji namba 64055, ambaye kwenye Debian na Ubuntu ndiye libvirt-qemu, ikakwama njiani (namba ya kikundi inaweza kutofautiana). Tatizo ni folda. Lakini ukiona "Could not open ... Permission denied" baada ya maneno "process exited while connecting to monitor", aliyekataliwa ni QEMU. Inaweza kuwa folda vilevile, hasa kwa ISO, au ni walinzi wa ziada wa mfumo: AppArmor kwenye Ubuntu, SELinux kwenye Fedora. Anza na folda:

namei -l /home/asha/Downloads/debian.iso

Amri hii huorodhesha kila ngazi ya njia na ruhusa zake. Tafuta mstari usio na x (ruhusa ya kupita) ya mwisho, kwa mfano drwxr-x--- asha asha. Ukishaupata, mpe libvirt-qemu ruhusa ya kupita tu, bila kumpa ya kusoma orodha ya vilivyomo:

sudo setfacl -m u:libvirt-qemu:x /home/asha

Usithibitishe kwa namei, kwa kuwa haionyeshi ACL (ruhusa za ziada kama hiyo uliyoiweka). Tumia getfacl, au mjaribu mhusika mwenyewe:

sudo -u libvirt-qemu head -c 1 /home/asha/Downloads/debian.iso > /dev/null

Ikinyamaza, njia iko wazi. Kwenye Fedora weka qemu badala ya libvirt-qemu. Virt-manager nayo hujitolea kufanya kazi hii: hukuuliza kama irekebishe ruhusa ya kupita kwenye folda husika, na ukikubali hutumia setfacl kwanza. Naipa alama kwa hilo. Ila kuna kisanduku cha kutouliza tena kuhusu folda hizo. Ukikiweka tiki bila kusoma, swali halirudi na kosa linabaki.

Mimi diski za mashine siziweki nyumbani kabisa. /var/lib/libvirt/images ipo kwa kazi hiyo na kila kitu kimeshapangwa. Kama kizigeu cha root ni kidogo, tengeneza /srv/vm kwenye diski nyingine yenye ext4 au XFS, uiongeze kama hifadhi ndani ya virt-manager. Kwenye Fedora iwekee na lebo ya SELinux:

sudo semanage fcontext -a -t virt_image_t "/srv/vm(/.*)?"
sudo restorecon -Rv /srv/vm

Diski ya nje inayojifungua yenyewe chini ya /media/asha ni mtego. Folda hiyo hufunguliwa kwa ajili yako peke yako, na kama diski ni exFAT hakuna cha chown wala setfacl kitakachoshika. Iandikie mstari kwenye /etc/fstab (orodha ya diski za kufunguliwa) ifunguke mahali pengine, au, bora zaidi, iwe ext4.

Njia ikiwa safi na QEMU bado inakataliwa, uliza kerneli:

sudo journalctl -k | grep DENIED

Kwenye Ubuntu utaona mstari wenye apparmor="DENIED", profile="libvirt-" ikifuatiwa na UUID (namba ya utambulisho) ya mashine, na name= yenye faili lililozuiwa. Angalia hilo name kwa makini. Mara nyingi silo faili ulilolichagua bali ni lile lililo nyuma yake: qcow2 (faili la diski ya mashine) iliyojengwa juu ya qcow2 nyingine. Libvirt huiandikia kila mashine orodha ya mafaili inayoruhusiwa kuyagusa, na matoleo ya sasa hayakisii aina ya faili la nyuma ila pale ambapo ni salama. Kama aina haikuandikwa ndani ya faili la juu, faili la nyuma linaweza lisiingie kwenye orodha, na mashine iliyokuwa ikiwaka jana ikagoma baada ya kusasisha mfumo. Zima mashine, kisha:

sudo qemu-img rebase -u -F qcow2 -b /srv/vm/base.qcow2 /srv/vm/kazi.qcow2

Hiyo -u hubadilisha maelezo peke yake bila kugusa data, kwa hiyo hakikisha jina la faili la nyuma ni sahihi kabisa. Kwenye Fedora anayelingana na grep ile ni sudo ausearch -m avc -ts recent. Diski zikiwa kwenye NFS (folda za kompyuta nyingine kupitia mtandao), kuna swichi yake: sudo setsebool -P virt_use_nfs on.

Umiliki wa mafaili ndiyo sehemu inayonikera. Mashine inapowaka, libvirt hubadilisha mmiliki wa faili la diski kuwa libvirt-qemu. Ikizimwa hujaribu kurudisha mmiliki wa awali, ambaye huwa imemhifadhi kwenye xattr (maelezo ya ziada) za faili. Pasipo na xattr hizo, faili huishia kwa root. Kwa hiyo rsync ya nakala rudufu ukiiendesha kwa jina lako itakwama kwenye qcow2 yenye 600 (mmiliki peke yake). Endesha nakala kwa sudo mashine ikiwa imezimwa. Wapo wanaoandika user = "asha" ndani ya /etc/libvirt/qemu.conf na kuwasha upya huduma (libvirtd, au virtqemud kwenye Fedora). Inafanya kazi, lakini umeondoa ukuta wenyewe: programu mbaya ikitoboa kutoka ndani ya mashine inakuwa wewe, na mafaili yako yote.

Makosa ya vikundi ni mepesi. Ikilalamikia libvirt-sock (mlango wa kuongea na libvirt), jiongeze kwa sudo usermod -aG libvirt $USER. Ikilalamikia /dev/kvm, kikundi ni kvm. Usisahau -a, la sivyo unafutwa kwenye vikundi vingine vyote, sudo ikiwemo. Toka kwenye akaunti uingie upya, kisha hakiki kwa id. Na ujue kwamba aliye kwenye kikundi cha libvirt ana nguvu karibu sawa na root.

VirtualBox, programu nyingine ya mashine pepe, haina mzunguko huu kwa sababu mashine huendeshwa na wewe mwenyewe. Shida yake iko kwenye folda za pamoja: ndani ya mashine, folda inayoanza na /media/sf_ ni mali ya root na kikundi vboxsf, na chmod haibadilishi kitu. Jiongeze kwenye vboxsf, basi. GNOME Boxes, programu rahisi ya kazi hiyohiyo, nayo hutumia qemu:///session, yaani jina lako, kwa hiyo ISO ya Downloads inafunguka bila maswali. Gharama yake ni mtandao, maana mara nyingi mashine haifikiki kutoka nje bila kuelekeza milango. Anayetaka kujaribu tu Linux nyingine jioni moja namwelekeza huko. Anayetaka seva ndogo zinazowaka pamoja na kompyuta na kuonana kwenye mtandao, achukue virt-manager na diski azipeleke /srv/vm tangu siku ya kwanza.