"Call off" au "cancel" baada ya "should"?

Sentensi "We should call off the meeting" na "We should cancel the meeting" zote zinapendekeza kikao kifutwe, na katika zote mbili kitenzi kisaidizi "should" hakifuatwi na "to". Tofauti hujitokeza kiwakilishi kinapoingia: "should cancel it" haina taabu, ilhali "call off" hulazimisha "it" ikae katikati, "should call it off", jambo linalotutatiza sisi tunaosema "tukifute" kwa neno moja. Hata kwa majuto ya jambo lililopita, "should have called it off", mpangilio huo haubadiliki. Katika mazungumzo ningechagua "call off". Katika barua ya ofisini, "cancel", ingawa Waingereza wenyewe hulitumia hilo hata nyumbani.