Waliniuzia kufuli, nikapata pazia

Ahadi ya kampuni iliyoniuzia huduma hii ya kutumia programu kwa mbali ilikuwa fupi: mtumiaji aliye mbali anabofya aikoni, programu ya uhasibu inafunguka, na kwenye seva haoni kingine. Kuona, kweli haoni. Lakini RemoteApp, teknolojia ya Microsoft inayotumika hapa, huleta dirisha moja tu huku nyuma yake kikao kizima cha Windows kinaendelea, na hapo ndipo walipolala.

Ndani ya programu hiyo bonyeza Ctrl+O, kama unayefungua faili. Kwenye nafasi ya jina la faili andika C:\Windows\System32\*.* kisha Enter. Orodha yote hiyo hapo! Bofya cmd.exe, dirisha la kuandikia Windows amri, kwa kitufe cha kulia, chagua kufungua, na "programu moja iliyofungwa" imeshakupa seva.

Niliporipoti, fundi wao akajibu kwa kejeli kwamba diski C imefichwa kwa sera (mipangilio ya msimamizi wa Windows), na kwamba "mtumiaji wa kawaida hawezi kujua njia hiyo." Kuficha diski si kuizuia. Sera ile huondoa aikoni tu. Ukiandika njia yake kwa mkono unaingia. Ya kuzuia ni sera nyingine, nayo hawakuigusa.

Eti AppLocker, kizuizi cha programu cha Windows, ipo. Ipo, ila huduma ya Application Identity ilikuwa imezimwa, na bila hiyo kanuni zake ni maandishi matupu. Ikawashwa, cmd.exe bado ikafunguka, kwa sababu kanuni za msingi huruhusu kila kilichomo kwenye folda ya Windows. Dawa ni kuongeza katazo la cmd.exe na PowerShell (nayo ya kuandikia amri) kwa kundi la watumiaji hao, kuanza na hali ya ukaguzi kwa siku kadhaa, kusoma tukio namba 8003 kwenye kumbukumbu ili ujue nini kingezuiwa, ndipo ukaze. Halafu jaribu Ctrl+Alt+End, ambayo ndiyo Ctrl+Alt+Del ya kikao cha mbali. Task Manager, inayoweza kuanzisha programu nyingine, ikijitokeza, kazi bado.

Nilitaka kutoa nyota moja. Nikiwatendea haki, lango lao la kuingilia hupitia 443, poti ya HTTPS, bila kuanika mtandaoni 3389, poti ya Remote Desktop, uchapishaji hausumbui, na tangu marekebisho programu haijagoma. Basi tatu.

Nilikuwa nimeshaziandika hizo tatu ilipoingia ankara yao: "kuimarisha usalama," kama huduma ya ziada. Kazi ambayo mimi ndiye niliyewaelekeza hatua kwa hatua! Moja. Na hiyo ni ya lango.