TAHADHARI: iPhone X "mpya ya boksi, betri 100%" Kariakoo, msitume hela

Ndugu zangu, hasa wenye watoto au wadogo zenu wanaokwenda chuo, someni hii kabla hamjalipa.

Mwezi wa kumi mdogo wangu wa mwisho alipata nafasi ya chuo Dodoma. Mama yuko Singida. Kikoba chao kilipogawana akanitumia 550,000, akaniambia: "Wewe uko Dar, mtafutie mwenzio simu itakayomfikisha mpaka amalize." Basi hilo ndilo swali nililokwenda nalo dukani. Sikuuliza kamera wala rangi, niliuliza tu kama simu itafika miaka mitatu.

Tangazo nililiona Instagram. Nikaelekezwa Mtaa wa Aggrey, winga (dalali wa kuvuta wateja) akanipokea barabarani na kunipandisha ghorofani. Nikatolewa iPhone X, boksi limefungwa nailoni. Akaichana mbele yangu, akaiwasha, akanionyesha afya ya betri: 100%. "Bosi wangu, hii hata miaka mitano inakwenda, iPhone haizeeki." Nikalipa 520,000. Nilipoomba risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) wakasema mashine ina shida, nikaandikiwa ya mkono yenye muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi".

Wiki ya tatu mdogo wangu ananipigia kwa simu ya mwenzake. Simu yake inajizima ikiwa na 38%. Akiichomeka kwenye chaji inawaka, baada ya dakika kumi inazima tena. Ukienda kwenye afya ya betri, bado inasema 100%. Fundi wa Dodoma alipoifungua akakuta betri si ya Apple, kioo kimebadilishwa, na ile gundi ya pembeni inayozuia maji haipo kabisa.

Fundi huyo ndiye aliyenielewesha. Betri ya iPhone ina kibao kidogo chenye chipu inayotunza hesabu: imechajiwa mara ngapi, imebaki na uwezo kiasi gani. Kuna kifaa cha mafundi cha kuifuta hesabu hiyo na kuiandika upya. Kwa hiyo ile 100% niliyoonyeshwa ni namba iliyoandikwa na mtu. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na 80% baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Kwa anayemaliza chaji kila siku, huo ni kama mwaka na miezi minne tu.

Halafu tujiulize, iPhone X mpya inatoka wapi? Iliingia sokoni Novemba 2017 na Apple wakaacha kuiuza Septemba 2018. Simu niliyoambiwa ni mpya ilikuwa imeshakula miaka yake mikononi mwa mtu mwingine. Nadhani hata kuchagua X si bahati mbaya. Kuanzia iPhone XR na XS, matoleo yaliyofuata, simu yenyewe inakutolea taarifa kama betri si halisi. X inanyamaza.

Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo wanapotukamatia. Mimi nilihesabu miaka mitatu kuanzia siku ninayolipa. Miaka ya simu huanza kuhesabiwa toleo lake linapotoka kiwandani, na huisha mtengenezaji anapoacha kuipa masasisho. iPhone X iliachwa nje ya iOS 17 (iOS ni mfumo unaoendesha iPhone) Septemba 2023, yaani kabla mdogo wangu hajafika hata kidato cha sita. Programu nazo hufuata nyuma. Mwaka 2025 WhatsApp iliziacha iPhone zenye iOS iliyo chini ya 15.1, na wenye iPhone 6 wakabaki hivyo. X bado inapokea WhatsApp, lakini iko kwenye foleni hiyo hiyo. Kwa hela ya mama ningemchukulia Galaxy A16 mpya kweli, ya 2024, ambayo Samsung wameiahidi masasisho ya miaka sita.

Nilirudi dukani. Winga hakuwepo, wa kaunta akasema hanikumbuki, kisha akanibembeleza niongeze 150,000 anipe XR. Msikubali hilo. XR nayo imeachwa nje ya iOS 26 Septemba 2025.

Mtu atasema piga *#06#, upate IMEI (namba ya utambulisho wa simu), uitume kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Fanyeni, inasaidia kunasa simu feki. Ila yangu ilipita vizuri, kwa sababu ni iPhone halisi, imechakaa tu. Kilichoiumbua ni namba ya mfululizo ya simu, ile serial number iliyo Settings, General, About. Iingize kwenye ukurasa wa Apple wa kuangalia waranti ukiwa bado umesimama dukani. Ikisema waranti imeisha, hiyo si mpya, hata kama nailoni imechanwa mbele yako. Jaribu na Face ID (kufungua simu kwa uso) hapo hapo, usikubali kuambiwa "utaiweka nyumbani". Na True Tone (kioo kujirekebisha rangi kulingana na mwanga) ikikosekana kwenye mipangilio ya mwanga wa kioo, huenda kioo kimeguswa.

Jina la duka silitaji, ukurasa wao umeshabadilishwa jina mara mbili tangu ninunue. Malalamiko nimeyapeleka FCC (Tume ya Ushindani) pamoja na picha za risiti na maneno ya fundi.

Jumamosi nimeukuta ukurasa ule umetangaza tena, picha ya boksi lile lile, "mpya, betri 100%, tunatuma mikoani". Chini yake watu wawili walikuwa wanauliza bei, mmoja wa Mwanza, mwingine wa Songea. Nikawaandikia wote wawili. Wa Songea alikuwa ameshatuma hela asubuhi.