MT4, MT5, cTrader na TradingView kutoka Unguja na Pemba: laini ikikatika, kipi kinabaki kazini?

Majukwaa ya kutredi fedha za kigeni na dhahabu husifiwa kwa uzuri wa chati, wingi wa viashiria na wembamba wa spredi (tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia). Kwa treda wa siku aliyekaa Mwanakwerekwe au Chake Chake, hayo ni ya baadaye. La mwanzo ni hili: umeme ukizimika huku oda iko wazi, kazi gani inaendelea kufanywa na seva ya broka (kampuni unayotredi kupitia kwake), na ipi inakufa pamoja na kompyuta yako?

Swali hili si la kinadharia kwetu. Umeme wa Unguja unavuka bahari kwa waya kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wa Pemba unatoka Tanga. Waya wa Unguja ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Intaneti nayo ni bahari ile ile: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ilikuwa Jumapili, soko likafunguliwa usiku ule ule, na aliyelala na oda tangu Ijumaa akaamka hana hata njia ya kuitizama. Laini mbili za kampuni mbili ni kinga nzuri mnara mmoja unapozima. Waya wa chini ya bahari ukikatika, aghlabu zote mbili zinalegea pamoja.

MT4 ya mwaka 2005 na MT5 ya mwaka 2010, zote za kampuni ya MetaQuotes, zinajibu swali vizuri nusu tu. SL (amri ya kufunga oda hasara ikifika kiwango chako), TP (ya kufunga kwa faida) na oda za kusubiri (zinazofunguka bei ikifika) zinakaa kwenye seva ya broka. Zima simu, vunja kioo, tumbukiza kompyuta Forodhani: bei ikifika, oda itafungwa. Stop inayofuata bei ni habari nyengine kabisa. Hiyo inaishi ndani ya kompyuta yako. Kila bei inaposogea, ni kompyuta inayotuma amri mpya ya kusogeza SL, na ikilala, SL inabaki pale ilipoachwa mara ya mwisho. Roboti za kutredi ni vivyo hivyo. Kosa la kawaida ni treda kuweka stop ya kufuata bei kwenye laptopu, akafunika kifuniko na kwenda zake, naye anaamini faida inalindwa. Windows imeshalala, hakuna anayelinda. Kabla ya kuondoka, sogeza SL kwa mkono mpaka pale unapoikubali hasara au faida yake, ndipo ufunike.

Kati ya hizo mbili, chukua MT5. Ina vipindi 21 vya chati dhidi ya 9 vya MT4, lakini si hilo linaloipa ushindi. MT5 inasema ukweli kuhusu mwendo wake: kona ya chini kulia inaonyesha pingi (milisekunde za ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi), na kichupo cha Journal kinaandika kila oda ilichukua milisekunde ngapi mpaka ikakamilika. Ukiona oda za kawaida zinakamilika kwa 250, halafu ghafla 2,000, una ushahidi wa kumpelekea broka badala ya manung'uniko. Sababu moja tu ya kubaki na MT4 ni roboti iliyoandikwa kwa lugha ya MQL4, ambayo haitembei ndani ya MT5.

Kwenye simu programu hizi ni nyepesi na zinastahamili mtandao dhaifu, kwa kuwa ujumbe wa bei ni mdogo. Kinachokula bando ni kuvuta historia ya chati. Hatari ya simu ni chati iliyoganda: unaiwasha skrini, mshumaa (alama ya bei ya kipindi kimoja) unaonekana mzima, kumbe bei ni ya dakika sita nyuma. Orodha ya bei katika mwonekano kamili inaonyesha muda wa tiki ya mwisho, yaani badiliko la mwisho la bei. Sekunde zisipotembea wakati soko liko wazi, usibonyeze chochote. Kwenye Android iondoe programu kwenye orodha ya kubana betri, la sivyo simu inaiua chinichini na tahadhari za bei hazilii. Wenye iPhone wana la ziada la kukumbuka: kuanzia Septemba 2022 hadi Machi 2023 Apple iliziondoa MT4 na MT5 kwenye duka lake. Waliokuwa nazo waliendelea kuzitumia, wapya hawakuweza kuzipakua. Weka anwani ya jukwaa la kivinjari la broka wako mahali unapoweza kuipata bila simu hiyo.

cTrader ndiyo inayojibu swali letu kikamilifu zaidi, kwa sababu stop yake ya kufuata bei inakaa kwenye seva. Unaiweka, unazima, inaendelea kufuata. Kwa mtu ambaye umeme wake wa Tukuza, wa kulipia kabla, unaweza kuisha katikati ya soko la London, hilo peke yake lina thamani kuliko viashiria thalathini. Kasoro yake ni kwamba mabroka wanaoitoa ni wachache kuliko wa MT5, na kuchagua broka kwa sababu ya jukwaa ni kununua chombo kwa ajili ya tanga. Tizama kwanza leseni, halafu jukwaa.

TradingView ichukuliwe kama ilivyo: chati na tahadhari. Tahadhari zake zinahesabiwa kwenye seva zao, kwa hivyo zinalia hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi simu ina mtandao. Angalia tarehe ya mwisho ya tahadhari. Ikipita, inakufa kimya kimya. Ni nzito kwa laini dhaifu. Na kabla ya kuamini bei, jua inatoka wapi. Dhahabu ya broka OANDA kwenye TradingView si dhahabu ya broka wako, na zinaweza kupishana kwa makumi ya senti. Bei za hisa za Marekani kwenye akaunti ya bure zinatoka soko la Cboe, si sokoni kote. Mikataba ya bei za baadaye ya CME, soko la Chicago, inachelewa dakika 10 mpaka ulipie, na alama ndogo ya D kando ya jina ndiyo inayokuambia. Kutredi kwa dakika moja juu ya bei ya dakika kumi zilizopita, hapana.

Kwa hisa na mikataba halisi, TWS, jukwaa la broka Interactive Brokers, ni imara lakini nzito, na bei za papo kwa papo hulipiwa soko kwa soko. Haiko bila doa: 20 Aprili 2020, mafuta ya WTI yalipofunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri, mfumo wake haukuweza kushughulikia bei hasi, na wateja hawakuona wala kuuza pale walipohitaji.

Sasa lawama inayorudiwa kuliko zote: "broka kanipiga stop, bei haikufika." Mara nyingi bei imefika. Soko la fedha za kigeni halina ukumbi mmoja; kila broka anajenga bei yake kutoka kwa watoa bei wake, kwa hivyo kilele cha mshumaa mmoja hakilingani kwa mabroka wawili. Juu ya hapo, chati ya MT4 na MT5 huchorwa kwa bei ya kuuzia tu, na oda ya kuuza hufungwa kwa bei ya kununulia. Umeuza dhahabu, SL iko 2,350.00, spredi ni senti 30. Chati inapanda mpaka 2,349.75 na kugeuka. Bei ya kununulia ilifika 2,350.05, na SL imeguswa kihalali. Bonyeza F8 uwashe mstari wa bei ya kununulia, na nusu ya ugomvi itakwisha. Wingi unaochorwa chini ya chati nao ni idadi ya mara bei ilivyobadilika kwa broka huyo, si pesa zilizopita sokoni.

Saa ni jambo la pili. Seva nyingi hufuata New York ili mshumaa wa siku ufungwe saa 11 jioni ya kule. Kwetu ni saa 6 usiku wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa 7 usiku kuanzia Novemba hadi Machi. Dakika hizo watoa bei wanapungua na spredi inafumuka; dhahabu husimama saa nzima. SL iliyobanwa senti 50 juu ya bei inaweza kuguswa na spredi pekee, bila bei kusogea. Ripoti ya ajira ya Marekani, aghlabu Ijumaa ya kwanza ya mwezi, hutoka saa 9:30 alasiri kwa kiangazi chao na saa 10:30 kwa baridi. Usimpime broka kwa mwendo wa mchana mtulivu. Mpime dakika hizo, kwa loti 0.01 (kwa dhahabu, wakia moja), ambapo dhahabu ikiteleza senti 50 umepoteza senti 50.

Na SL si dhamana ya bei. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa sakafu ya faranga 1.20 kwa yuro moja. Bei iliruka, hakukuwa na wanunuzi katikati, na SL zilifungwa mbali na zilipowekwa. Broka Alpari ya Uingereza ilifilisika. Wateja wa broka FXCM walibaki na deni la dola milioni 225 hivi.

Kupima jukwaa kabla ya kuweka pesa ya maana hakuhitaji zaidi ya siku moja. Fungua oda ya kusubiri ya 0.01 mbali na bei, yenye SL na TP, kisha zima data. Ingia kwa simu nyengine ukitumia nywila ya kutizama tu. Oda na viwango vyake vyote vionekane. Kupima laini yenyewe, andika kwenye Windows ping -n 600 8.8.8.8, ambayo ni dakika kumi hivi, ufanye asubuhi na tena baada ya Isha, mtandao unapojaa. Pakiti 6 zilizopotea ni asilimia 1, na hiyo inaumiza kuliko pingi ya 180. Mwanga ndani ya waya husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na London, ziliko seva za mabroka wengi, iko mbali. Hakuna bando la kushusha pingi hadi 5, na anayeahidi hivyo anauza maneno.

Mwenye roboti akodi VPS (kompyuta ya mbali inayowaka saa zote) karibu na seva ya broka, London au New York. GB 1 ya kumbukumbu inatosha kwa jukwaa moja la MT4 lenye chati chache. Kinachoharibika huko ni sasisho la Windows: mashine inajiwasha upya usiku, jukwaa halifunguki, roboti imelala. Weka jukwaa lijifungue lenyewe mashine ikiwaka, na ingizo la mtumiaji liwe la moja kwa moja. VPS ya MetaQuotes yenyewe haina tatizo hilo, ila haikubali faili za DLL (vipande vya programu vya nje), na ukibadilisha mpangilio wa roboti lazima uihamishe tena.

Nyumbani, kinga ya bei nafuu ni kuipa ruta umeme wa akiba, kwa sababu laptopu ina betri yake na ruta haina. Ruta ya volti 12 inayokula wati 10 itadumu karibu saa sita kwa pawabenki ya mAh 20,000 na kebo ya kupandisha volti. Hesabu ni Ah 20 mara volti 3.7 za betri, yaani wati-saa 74, toa moja ya tano inayopotea njiani. Soma maandishi ya ruta kwanza: zipo za volti 9, na kebo ya 12 huzichoma.