TAHADHARI kwa mnaotafuta mpiga picha wa harusi Dar: tumeingizwa mjini

Jamani, nimekaa kimya wiki tatu kwa aibu. Kwenye kamati mimi ndiye niliyesimama nikasema suala la picha niachieni. Leo mdogo wangu ameshaolewa na hana hata picha moja ya kuvishwa pete. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Huyu kaka nilimpata Instagram. Tukakutana Sinza, mgahawani, Jumanne jioni. Nilimkuta ameshafika, shati jeupe limenyooshwa, kamera mbili mezani, laptopu iko wazi. Wala hakuanza na bei. Aliniuliza madirisha ya kanisa yako upande gani. Akauliza taa za ukumbini ni za njano au nyeupe. Akauliza kama kuna wazee wasioweza kusimama muda mrefu, ili awapige wao kwanza. Nikamweleza habari za Bibi, kwamba ana miaka 84 na anakuja kwa basi kutoka Bukoba kwa ajili ya siku hiyo tu. Akatoa daftari akaandika kwa kalamu: "Bibi, kiti, mlangoni mwa kanisa, mara tu baada ya ibada." Niliona kwa macho yangu akiandika. Hapo ndipo aliponimaliza. Niambieni nyie, nani asingemwamini? Wapiga picha watatu niliowapigia kabla yake walitaja bei wakauliza natuma lini. Huyu aliuliza habari za Bibi!

Bei laki tisa, video na albamu humo humo. Akasema kuna bi harusi mwingine anaitaka Jumamosi hiyo hiyo, nikitoa laki sita sasa hivi tarehe ni yangu. Nikafungua M-Pesa pale pale mezani. Likatokea jina la mwanamke. Nikamwonyesha simu, akacheka, "Huyo si shemeji yako, ndiye anayeshika hesabu zangu." Nikaweka namba ya siri. Mkataba na risiti akasema atakuja navyo siku ya kuniletea albamu ya mfano. Nikamshukuru, na soda yake nikamlipia.

Siku yenyewe mliokuwepo mliona. Saa nane ibada inaanza, hayupo. Akaja kijana mdogo, kamera moja, fleshi haiwaki, anasema bosi yuko njiani. Wakati wa pete yuko nyuma ya kanisa anahangaika na betri. Bibi alikaa kwenye kile kiti mlangoni karibu nusu saa, juani, na kitenge chake kipya, kwa sababu mimi nilimwambia mpiga picha ataanza na yeye. Hilo linaniuma kuliko pesa. Saa mbili usiku, keki haijakatwa, kijana akabeba begi lake akaondoka. Eti amelipwa mpaka saa mbili.

Zikaanza stori za memori kadi. Mara imeharibika, mara kuna fundi Kariakoo anaweza kuzirudisha picha ila anataka laki na nusu. Nikatuma. Ndiyo, nilituma tena, na shangazi naomba usinipigie kunisema, nimeshajisema vya kutosha. Pesa ilipoingia tu akanifungia kila mahali.

Kaka yangu, kwa vile ni dereva, alitazama ukurasa wake dakika moja akauliza, "Mbona hili gari la maharusi usukani uko kushoto?" Na chini ya picha ameandika Mbezi Beach! Nikaitafuta Google, kumbe ni kazi ya mpiga picha wa Lagos. Nyingine zimekatwa kona ili jina la mwenyewe lisionekane. Ukurasa mzima wa wizi, na mimi niliutazama usiku kucha nikiusifia.

Afungwe huyu mtu. Nimefungua jalada, RB ya polisi ninayo, namba yake ya simu nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli. Jina lake polisi wamesema nisiliandike kwa sasa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, basi itumike kwake, na kamera zake zipigwe mnada turudishiwe pesa zetu. Aliyepigwa na mtu wa namna hii Sinza aje inbox twende pamoja kituoni.

Mnaotafuta mpiga picha, mwambieni awaonyeshe harusi moja nzima, kuanzia saluni mpaka ukumbini, siyo picha kumi za kuchagua. Pigieni simu maharusi wake wa nyuma. Jina la M-Pesa likiwa la mtu mwingine, acheni. Na iandikwe kabisa ni nani atakayeshika kamera siku hiyo. Mengine nitaongeza nikitulia, ila afungwe kwanza.

Mliopiga picha kwa simu siku ile, naombeni mnitumie. Hasa aliyempiga Bibi pale mlangoni, hata kama imetikisika. Anarudi Bukoba Alhamisi na kila asubuhi ananiuliza picha zimefika.